Kumfuata Zuhura Kuwait

Wenzangu wa Jumamosi, tangu nirudi mmeniuliza mara tatu, na mara zote nimewajibu kwa kujimiminia chai. Mama Furaha ndiye aliyelisema wazi, mbele ya watu wote sebuleni kwake hapa Alby: "Rehema, kule walikufanya nini? Uliondoka na mdomo, umerudi kimya." Basi nimekaa nimeandika, kwa sababu nikianza kusimulia kwa mdomo nitagombana na mtu ambaye hana kosa.

Nianze na lililonishtua, msije mkadhani nawazungusha. Dada yangu Zuhura, tumbo moja mimi na yeye, ambaye ameishi Kuwait tangu aolewe akiwa na miaka ishirini, hana nchi. Alikuwa raia wa kule, akafutwa. Miezi minne alikuwa anaficha. Na mimi bila kujua lolote nikaenda na mabegi mawili kumchukua ili twende wote Tanga, kwa kuwa mama yetu ana miaka themanini na sita, hainuki kitandani, na kila asubuhi anauliza Zuhura atakuja lini. Miezi yote hiyo dada alikuwa na sababu. Mara magoti, mara mjukuu, mara joto. Mama akafika mahali pa kusema, "Amenisahau." Hilo ndilo lililonipeleka. Habari za tikiti na viza nazifyeka, mnazijua wenyewe.

Alby hadi Arlanda

Niliondoka Sweden kwenye theluji ya Februari, ile iliyokwisha kuwa matope. Binti yangu Saida alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege huku akinung'unika juu ya uzito wa begi. Nilijaza mikate ya hiliki, ile bullar ya hapa, thelathini. "Mamma, de har bröd i Kuwait," akaniambia, yaani mikate hata kule ipo. Mnamjua Saida, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Nikamwambia najua mikate wanayo, lakini hii hawana, na dada yangu hajawahi kula chochote kilichotoka mkononi mwangu tangu nije Ulaya.

Kwenye mkoba wa mkononi nilikuwa na zawadi nyingine ambayo sikumwonyesha hata Saida. Mwaka jana nilipokuwa Tanga nilifungua sanduku la mama nikakuta pasipoti ya kwanza ya Zuhura, ile aliyosafiria kwenda kuolewa. Imekatwa kona kama zinavyokatwa zilizobatilishwa, muda wake ulikwisha zamani, lakini ile picha, jamani. Msichana wa Chumbageni, Tanga, mwenye shingo ndefu, anatazama kamera kana kwamba kamera inamdai salamu. Nikaifunga kwa kitambaa cha leso. Nikajiambia atalia kwa furaha.

Ukungu wa Doha

Ndege ya kwanza haikuwa na kisa. Kisa kilianza Doha, ambako nilipaswa kukaa saa mbili na nikakaa tisa. Sababu ilikuwa ukungu. Nimeishi Sweden miaka yote hii, nimesafiri kwenye theluji na barafu, halafu nakuja kukwamishwa na ukungu jangwani. Nilimwambia hivyo kijana wa dawati akacheka kwa adabu, nadhani alikuwa ameshaambiwa na wengi.

Karibu yangu walikaa wanawake saba kutoka Kenya wanaokwenda Kuwait kufanya kazi za ndani. Mmoja wao, Njeri, wa Nakuru, alikuwa anarudi kwa mkataba wa pili. Alifungua chapati zake kwenye karatasi ya fedha akanisukumia. "Auntie, si ukule kwanza. Hiyo ndege itakuja tu."

Nikala chapati mbili, nami nikatoa mikate ya hiliki sita. Akauliza naenda nyumba gani. Nikamwambia naenda kwa dada yangu.

"Aah. Kwa hivyo madam wako ni sista yako?"

"Sina madam. Naenda kumtembelea."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akisema amepona. "Ni sawa, auntie. Hata mimi mara ya kwanza niliambiwa ni kutembea." Nikajaribu kumweleza, nikatoa hata pasipoti yangu ya Sweden. Akaigeuza mbele na nyuma, akanirudishia, akanishauri niifiche ndani ya nguo. Nilicheka sana wakati ule.

Mstari wa kulia

Kicheko kilikatika Kuwait. Tuliposhuka kijana mmoja wa uwanjani alitutazama, sisi wanawake weusi wanane, akatuelekeza mstari wa kulia. Nikatoka mstarini nikamwendea. Akanirudisha kwa kidole. Sikuguswa, sikutukanwa, lakini nilijikuta nimekaa kwenye chumba cha viti vya plastiki na wenzangu saba, tukisubiri matajiri wao waje kutuchukua. Nilikaa humo saa moja na robo. Mimi, ambaye ninasimamia zamu kwenye nyumba ya wazee, ambaye wauguzi Waswidi wananiomba ruhusa ya kwenda kula. Njeri alinishika goti akasema, "Si nilikwambia, auntie."

Aliyenitoa ni Nasir, mtoto wa kwanza wa Zuhura, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alizungumza na yule kijana maneno machache, yule kijana akafadhaika, akaniomba radhi mpaka nikamwonea aibu. Nasir anakijua Kiswahili cha mama yake. "Shikamoo mama mdogo. Samahani sana. Mama yuko garini."

Nikauliza kwa nini hakuingia. Akasema kuna foleni. Nilimwamini, ingawa foleni sikuiona.

Nyumba ya Umm Nasir

Kule hakuna anayemwita Zuhura. Ni Umm Nasir, mama Nasir, kama sisi tunavyoitana. Mume wake alifariki miaka sita iliyopita, akaacha nyumba ya ghorofa mbili yenye chumba cha nje cha wanaume kupokea wageni, ambacho sasa anakaa Nasir na rafiki zake. Nilifika siku nne kabla ya Sikukuu ya Taifa. Bendera ilining'inia kutoka juu ya paa mpaka chini, na dada yangu ndiye aliyekuwa amepanda juu kuifunga, na magoti yake hayo anayoyasingizia.

Tulikumbatiana tukalia. Akanipikia majbus, ambayo mkiniuliza nitasema ni pilau iliyokwenda shule, na samaki wao mweupe wa zubeidi. Halafu akaanza kunifundisha nchi. Zuhura ninayemjua mimi alifeli historia. Huyu wa sasa alikaa kitako akanieleza kabla ya mafuta watu walivyoishi kwa kuzamia lulu, wanaume miezi minne baharini, wanawake wakiwasubiri ufukweni.

"Sisi wakati ule tulikuwa maskini sana, Rehema," akasema. "Tulikuwa tunapumua mara moja, tunashuka mpaka chini."

Nikamtazama. "Nani alikuwa anashuka, dada? Wewe hata kuogelea kwetu Raskazoni uliogopa."

Nasir alicheka mpaka akamwaga kahawa. Zuhura hakucheka. Alisema "sisi" kwa kila kitu. Sisi tulijenga ukuta, sisi tulivamiwa, sisi tulirudi. Nikaona ni mapenzi ya nchi yamemzidi, nikaacha.

Nilipomgusia safari ya Tanga alinyanyuka akaenda kuangalia jiko. Mara tatu nilimgusia, na mara tatu jiko likamwita.

Sikukuu

Siku yenyewe nyumba ilijaa wanawake. Wajukuu walivaa kijani, nyeupe, nyekundu na nyeusi mpaka kwenye utepe wa nywele. Zuhura alivaa gauni refu lililotariziwa, na bibi wa nyumba wa pili kwa heshima alikuwa wifi yake, Umm Khalid, dada wa marehemu, mama wa miaka sabini anayezungumza polepole na asiyemtii mtu yeyote. Kulikuwa na kahawa ya hiliki, tende, keki ya zafarani, na mikate yangu imepangwa kwenye sinia ya fedha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoharibu. Kwetu mtu akikaa ughaibuni, sifa kubwa unayoweza kumpa mbele za watu ni kwamba hajasahau kwao. Harusini tunasema, msibani tunasema. Mama Furaha mwenyewe akinitambulisha kwa wageni wake husema, "Huyu ni Mtanga mpaka leo." Basi na mimi nikataka kumpamba dada yangu. Nikasimama, kwa Kiingereza, kwa sauti, ili na wa pembeni wasikie. Nikasema, huyu mnayemwona, miaka yote hii, ni Mtanzania hasa. Hajatuacha hata siku moja. Na tumemtunzia pasipoti yake.

Nikafungua leso, nikaiweka kwenye sinia katikati ya maua.

Nilitegemea vigelegele. Mama mmoja kijana akavuta mtoto wake karibu. Mwingine akatazama mlango. Maryam, binti wa Zuhura, akafunga macho. Umm Khalid akanyoosha mkono taratibu, akaichukua ile pasipoti, akaifunika kwa leso ile ile, akaificha chini ya shela yake. Na dada yangu akasimama akaenda jikoni bila kunitazama.

Nikamfuata. Alikuwa ameshika ukingo wa sinki.

"Wamenitoa, Rehema."

"Wamekutoa wapi?"

"Kwenye uraia."

Sikuelewa. Nikamwomba aseme tena. Akasema aligundua kwenye duka la dawa, kitambulisho chake kilipokataa. Akadhani ni mashine. Ijumaa ile Nasir akasoma orodha kwenye simu wakiwa wanakula, akaacha kula. Jina lake, la baba, la babu. Serikali inapitia mafaili upya, wanawake wengi walioolewa kutoka nje wametolewa, akina fulani na fulani. Akanitajia, na wawili kati yao walikuwa wamekaa pale sebuleni na bendera vifuani.

"Nimeandika barua ya malalamiko," akasema. "Nimeapa sina kwengine. Niliukana ule wa kwetu ili nipate huu, kwa sababu hapa huruhusiwi viwili. Nikaapa sijabaki hata na karatasi. Na wewe unaingia na pasipoti, unaiweka kwenye maua."

Nilitaka kusema imekwisha muda, imekatwa kona, haina nguvu hata ya kufungia karanga. Mkiniambia kuna siku Rehema alikosa la kusema, ni ile.

Umm Khalid akaingia. Akautoa ule mzigo chini ya shela yake, akautia kwenye mkoba wangu, akafunga zipu mwenyewe. Akasema maneno matatu kwa Kiarabu, na Kiarabu changu cha madrasa kilitosha kuyapata: hatukuona kitu. Kisha akamgeukia dada yangu akamwambia watoto wanasubiri kukata keki.

Na Zuhura akanawa uso, akatoka. Wajukuu wakaimba wimbo wa taifa. Nilisimama mlangoni nikamwona dada yangu ameweka mkono kifuani, anaimba kila neno, sauti yake juu kuliko ya wote, na wale wanawake wawili kando yake wanaimba pia. Nikarudi jikoni nikakaa kwenye gunia la mchele.

Langoni

Kesho yake Nasir alitupeleka mjini, nadhani ili tupumue. Akatushusha kwenye lango moja la ukuta wa zamani wa mji. Ukuta wenyewe ulibomolewa zamani, malango yakaachwa, na sasa yamesimama katikati ya barabara na magari yanayazunguka.

Nasir alijitahidi kuwa wa haki. "Mama mdogo, nchi ni ndogo. Mafuta yalipotoka kila mtu alitaka kuwa wa hapa. Wa asili ni waliokuwa wamekaa hapa kabla ya mwaka elfu moja mia tisa na ishirini, na kizazi chao. Wengine walighushi. Serikali inasafisha."

"Inasafisha," nikasema. "Mama yako ndiye uchafu?"

Alikuwa anaumia na mimi niliona, lakini ulimi ulikuwa umeshapata njia tena. Zuhura akamwambia mwanawe atusubiri garini.

Akanieleza akiwa amelishika lile lango. Nchi ilipovamiwa mwaka elfu moja mia tisa na tisini, yeye alikuwa na mimba ya Nasir. Ndugu wengi wa mume wake walikuwa nje ya nchi kwa mapumziko ya kiangazi wakabaki huko huko. Yeye alikuwa na pasipoti yetu bado wakati ule, ubalozi ungemtoa, gari lilikuwepo. Hakutoka. Miezi saba. Asubuhi alikanda mkate kwenye duka la ushirika la mtaa. Watu walipoamua kung'oa vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba ili askari wapotee wasijue nani anaishi wapi, mtaa wao aling'oa yeye, kwa bisibisi ya mume wake, na tumbo lile. Akaufukia mzigo wa vibao chini ya banda la kuku. Visima vya mafuta vilipochomwa mchana ukawa usiku, akafua nepi za Nasir zikakauka nyeusi.

"Sikuwa raia," akasema. "Nilikuwa mke wa mtu tu. Nilipopewa uraia baada ya vita, Rehema, nilijua nimeulipia."

Nikamwambia ameulipia kweli, na wameuchukua, sasa tufanye nini. Waliotolewa wameruhusiwa kurudi kwenye uraia wao wa zamani. Aombe wa Tanzania, fomu nimtafutie mimi, apate hati, twende kwa mama. Akatikisa kichwa.

"Nikiomba, nimekubali kwamba nilikuwa mgeni. Hata ile miezi saba."

Hapo nikasema neno ambalo nalijutia mpaka ninavyoandika. Nilisema, "Mama anakufa, na wewe unatetea vibao vya namba za nyumba."

Hatukusemeshana siku mbili. Tulipikiana, tukaleteana chai, bila neno.

Simu ya Tanga

Siku ya tatu wifi yangu wa Tanga alipiga simu ya picha, akamshikia mama karibu na uso. Mama alikuwa amepungua. Akamtafuta Zuhura kwenye kioo mpaka akampata.

"Wamekukataza kuja, mwanangu?"

"Hapana, mama. Ni magoti."

Mama akafikiri. Akavuta pumzi mara mbili. "Basi wewe tulia. Nikipata nguvu nitakuja mimi." Huyo ni mtu anayegeuzwa kitandani na watu wawili.

Zuhura alisema ndiyo mama, karibu sana mama, akaeleza atakavyompikia. Simu ilikatika. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Lete hiyo fomu."

Aliandika kwa ile hati yake nzuri iliyompatia zawadi shuleni. Alipofika palipoulizwa uraia wa sasa aliacha wazi akaendelea na mengine. Nikamwambia paandikwe kitu. Akanisukumia kalamu. "Andika wewe. Mimi neno hilo siwezi kuliandika."

Nikaandika: hana. Herufi nne tu, wenzangu. Nimeandika taarifa za vifo vya watu kazini bila kukosea, lakini hapo niliharibu ikabidi nianze nakala nyingine.

Kuwait hadi Alby

Zuhura hakuingia uwanjani hata safari hii. Sasa nilijua kwa nini. Hapendi kusimama mahali ambapo mtu anaweza kumwomba kitambulisho. Tuliagana garini, Nasir ameshuka na mabegi yangu. Dada alinishika mikono yote miwili.

"Mwambie mama nakuja kumtazama, hati ikitoka. Lakini usimwambie narudi. Kwangu ni hapa, wakitaka wasitake. Niapie."

Nikamwapia.

Safari ya kurudi haikuchelewa hata dakika. Sikula. Arlanda Saida alinipokea, akanitazama, akaninyang'anya begi, na kwa mara ya kwanza sijui tangu lini akanisemesha Kiswahili: "Mama, pole." Nikamsimulia yote kwenye treni. Tulipofika Alby akauliza kama jambo hilo linaweza kutupata na sisi. Nikamwambia alale, kesho ana darasa.

Asubuhi nikampigia mama.

"Anakuja?" akauliza, hata salamu bado.

"Anakuja, mama. Wanamshughulikia hati."

"Anarudi kwao?"

Ninyi mnaonijua mnajua sikuwahi kumdanganya mama yangu, hata nilipotoroka shule nilimwambia. Nilimsikia anavyosubiri, ile pumzi yake inayokwaruza. Nikasema, "Ndiyo, mama. Anarudi kwao."

Akashukuru Mungu kwa sauti. Wifi yangu ameniambia baadaye kwamba alimaliza kikombe kizima cha uji, jambo ambalo hajalifanya wiki nyingi, akaagiza chumba cha Zuhura kipakwe rangi na kinunuliwe kitanda kikubwa, cha mtu wa kukaa.